Aliyeanika ile key ni mimi, si Dada Halima

Hili sijamwambia mtu, hata mama: ile key ya ofisi yetu Wandegeya haikuvujishwa na Dada Halima. Niliivujisha mimi.

Tumemzika jana. Leo mara mbili nimefungua chat yake nimwulize kama ni kweli amekufa.

Wengi mnaonifuata tulisoma pamoja, kwa hiyo hamkumjua. Nilipomaliza Senior Six, yaani kidato cha sita, nilipata nafasi ya kujifunza kazi katika ofisi ndogo ya kompyuta, juu ya maduka ya kuchapisha. Halima ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na miaka ishirini na sita, Mnubi wa Bombo, na alizaliwa na ugonjwa wa selimundu.

Siku ya kwanza sikusema neno mpaka saa saba mchana. Akaniletea rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, akakaa mbele yangu. "Wewe Mkenya gani hupigi kelele?" Nilicheka na chapati mdomoni.

Tulikuwa tunatunza virtual machine za wateja, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine. Kila siku tunapeleka nakala zake kwenye cloud, hifadhi ya mtandaoni. Ili programu ya kupeleka nakala ipokelewe huko, lazima uipe key ya siri, na kila kitakachofanywa kwa key hiyo kinaandikwa kwa jina la mwenyewe.

Halima alitaka kila mtu awe na key yake, yenye ruhusa ndogo. "Anayepeleka nakala apeleke nakala. Ruhusa ya kufuta ni ya nini?"

Bosi hakutaka kusikia. Nilikuwa nimesimama hapohapo.

"Halima, huyu ni mtoto wa likizo. Mpe yako tuendelee na kazi."

"Ssebo, yangu inafungua kila kitu. Na jina litakaloonekana ni langu."

"Basi mwangalie."

Ndiyo maana nilikuwa natumia key ya Halima.

Siku moja yeye alikuwa hospitali akiongezewa damu, na programu ikawa inakataa kuunganika na cloud. Ofisini kulikuwa na watu wanne. Niliona haya kuwauliza. Nikapiga picha skrini, nikaituma kwenye group moja ya mtandaoni ya watu wanaojifunza kazi hii, nikauliza kosa liko wapi.

Key ilikuwa kwenye picha. Yote, herufi kwa herufi.

Mtu mmoja akanijibu kwa adabu kwamba nimechagua region, yaani eneo la seva, isiyo sahihi. Nikabadilisha, ikakubali. Nilifurahi mpaka nikamtumia Halima ileile picha nikijisifu kwamba nimeweza bila yeye. Hakuiona mpaka kesho yake.

Kesho yake mashine za wateja watatu zilikuwa zimefutwa, na nakala zake pia. Kliniki moja ya Kabalagala ilipoteza mafaili yote ya wagonjwa. Kwenye cloud lilionekana jina moja tu.

Bosi alimsimamisha mbele ya wote, na bandeji ya sindano bado iko mkononi. "Umemuuzia nani?"

Halima alinitazama. Simu yake ilikuwa mkononi, na picha yangu ndani yake. Kisha akasema, "Key ni yangu. Sina la kuongeza."

Mimi nilikuwa karibu na printa. Nilinyamaza.

Nilimfuata kwenye ngazi nikilia. "Acha hiyo," aliniambia. "Wewe watakumaliza kabla hujaanza. Mimi nina CV."

CV gani? Bosi alipita ofisi zote za jengo lile akiwaambia kwamba huyu anauza siri za wateja. Miezi minane Halima alituma maombi. Hakuna aliyempigia simu. Mimi nilikuwa nimeacha kwenda ofisini, nikasema nyumbani kwamba nimechoka.

Juzi usiku ugonjwa ulimzidi. Asubuhi bosi akaweka mtandaoni picha ya Halima na mshumaa: "Tumempoteza mwanafamilia."

Mwanafamilia gani, bosi? Mlimtoa na vitu vyake kwenye kavera ya plastiki kama mwizi. Kutengeneza user mpya kwa ajili yangu kungekuchukua dakika tano. Sasa nimejifunza, nimejaribu mwenyewe nikitazama saa: dakika tano. Hukuwa nazo. Badala yake ukachukua jina la mtu.

Jana Bombo, kabla mwili haujatoka nyumbani, shehe aliuliza watu wanamshuhudia vipi marehemu. Wakaitikia kwamba alikuwa mwema. Nyuma yangu walikuwa wawili wa ofisini. Mmoja akasema chini chini, "Mwema, na key za watu." Mwenzake akacheka.

Na mimi nikanyamaza tena. Mama yake alikuwa hatua tatu kutoka pale, na sijui kama alisikia. Hasira niliyo nayo kwa bosi ni kubwa, lakini hii niliyo nayo kwa nafsi yangu ndiyo inaniamsha usiku.

Kwa hiyo ushahidi wangu ndio huu, umechelewa siku moja. Halima hakuuza kitu. Alionya, akapuuzwa, kisha akabeba kosa la msichana aliyeona haya kuuliza.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaomba mkae na hili kimya. Siwaombi tena. Litumeni Wandegeya, litumeni kwa kila ofisi iliyomfungia mlango, mfikishieni na mama yake. Picha bado ninayo. Bosi akitaka kuniita, namba yangu anayo.

Pumzika sasa, Dada Halima. Umeninyamazia vya kutosha.