Maneno Niliyoyaacha Nje

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa moja: yale maneno niliyasahau, au niliyaacha kusudi?

Nilikuwa mhitimu asiye na ajira, nikijitolea kufundisha kompyuta katika sekondari moja huko Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi. Mkuu wa shule aliniagiza niweke programu ya kuzuia video za mapigano. Nikaorodhesha maneno: piga, ua, choma, mwizi, na ya Kiingereza yenye maana hizo. Nikaikagua orodha mara tano.

Haukupita mwezi. Jumatatu nikawakuta kidato cha pili wamesongamana kwenye skrini moja. Mwizi alikuwa akipigwa mawe sokoni, kichwa kimepasuka, nao wanahesabu mawe kwa sauti. Kwenye sehemu ya kutafutia palikuwa pameandikwa neno la Kirundi la kupiga: gukubita.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa nyuma yangu.

"Nani fundi wenu wa kuipita programu?"

Macho yote yakamwendea msichana mmoja, mjukuu wa wakimbizi wa Kirundi.

"Nilijua! Ninyi damu mnaitafuta hata kwenye kompyuta. Lala chini."

Fimbo ya nne ilikatikia mgongoni mwake. Akaagiza nyingine.

"Fimbo ndiyo programu yenyewe," mwanafunzi mmoja akanong'ona nyuma, na wenzake wakacheka kwa woga.

Mwalimu alipochoka, alinigeukia akihema. "Ijumaa paredi namchapa mbele ya shule nzima, kisha anafukuzwa. Wewe utaeleza alivyoivunja programu yako."

Msichana hakuvunja chochote. Alipita pale nilipopaacha wazi. Mama yangu alinibembeleza kwa Kirundi hichohicho, lakini chuoni nilisema kwetu ni Biharamulo mjini, mtu asije akaniita Mrundi. Kuliandika neno lile kwenye orodha ya ofisi kungekuwa kukiri kwamba nalijua. Je, niliwaza hivyo siku ile, au nimeyatunga baadaye?

Ijumaa msichana alisimama mbele ya mistari, viganja vimevimba kwa kuikinga fimbo.

"Mwalimu, waeleze," mwalimu wa nidhamu akaniambia.

Nilivitazama viganja vile. Fimbo ikapanda. Nikaingia katikati, ikanipasua juu ya jicho. Niliishika kabla haijarudi.

"Hajavunja kitu," nikasema, damu ikiniingia jichoni. "Orodha niliiandika mimi. Lugha ile ni ya mama yangu, nikaionea haya."

Kisha nikamwambia binti, kwa Kirundi, kwa sauti iliyofika hadi jikoni, arudi kwenye mstari wake.