Vijana wa Mtoni

Jana, kwenye duka la dawa, mtu alifungua kopo la dawa ya kuchua, na harufu kali ya kafuri ikanirudisha utotoni, mtaani Kiriri. Mama alikuwa akimpikia jenerali mzee Mfaransa aliyestaafu. Mikono ya mzee huyo, aliyoipaka dawa hiyo kila siku, ilitetemeka, basi mimi mwenye mwandiko mzuri nilimwandikia daftarini maisha yake ya jeshi: vyeo, kambi, medali.

Alasiri moja hakutaka medali.

"Mutoto, kaa. Leo tuandike ya wale vijana niliwatuma kuvuka muto. Waliniambia maji ni mengi. Mi nikasema, wavuke tu. Nataka majina yao iandikwe."

Nilikuwa nimeshavaa gauni la sherehe ya komunyo ya binamu yangu kule Kamenge, na dada zangu waliningoja getini.

"Kesho, jenerali. Leo mi niko na haraka."

Alilifunga daftari taratibu. "Haya. Kesho."

Kesho yake mama alirudi mapema. Jenerali alikuwa amepata kiharusi, hawezi tena kusema. Wakampeleka kwao kwa ndege.

Daftari lilibaki kwetu. Medali zote zimo. Wale vijana, sikumwuliza jina hata la mmoja.