Mvua ya Pumzi Moja

Watu wa Wawi walikuwa wakituita "wale wapiga picha maji", na hawakukusudia kutusifu. Filamu yetu ya kwanza ilikuwa ya ndoo inayojaa bombani, basi. Hakuna aliyelia ndani yake, hakuna aliyeachwa na mume, hakuna aliyekufa. Jirani mmoja alivumilia mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Sasa ndoo hino kaiba nani?" Tukamwambia haijaibwa. Akaguna, akavaa ndala zake, akaenda zake. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Wenzangu walinuna siku nzima.

Hakuna kati yetu aliyesomea filamu. Mimi ni fundi cherehani, nashona Chake Chake. Rafiki yangu, tuliyekaa naye mkeka mmoja chuoni tukisoma Kurani, anauza kwenye duka la dawa. Wa tatu ni mwalimu wa sekondari, Mkristo kutoka Tabora, aliyehamishiwa Pemba akidhani atakaa kidogo kisha aombe kurudi. Mpaka leo hajaomba. Wengine walikuja wakaondoka. Simu zetu zilikuwa zikijaa upesi, na kompyuta ya kuunganishia vipande hatukuwa nayo, basi tukaugeuza ufukara wetu kuwa sheria: filamu ni pumzi moja. Ukishabonyeza, hukati wala hupumziki mpaka jambo lenyewe liishe. Baadaye mwalimu alinunua kompyuta nzuri tu, lakini sheria ilikuwa imeshaota mizizi. Tukawa tunawacheka wanaokatakata, kana kwamba tulichagua wenyewe.

Sheria ya pili tulipewa na Bibi. Huyu ni jirani yake rafiki yangu, mjane, na ukuta wa ua wake uliopakwa chokaa ndio uliokuwa sinema yetu. Tulipokwenda kuuomba alitusikiliza, akasema, "Ukuta nshakupeni. Lakini mtakachokipiga cha ntu, mwenyewe akione kabla ya watu." Tukakubali, na tukalishika neno hilo. Hata yule mwenye bomba alioneshwa bomba lake kwanza.

Kwa rafiki yangu, Bibi hakuwa jirani tu. Mama yake alikuwa akifanya kazi Unguja, na yeye chakula cha mchana alikula kwa Bibi tangu utotoni mpaka alipoolewa. Nywele alisukwa pale, na siku ya harusi yake alitokea pale. Akisema "nyumbani", mara nyingi huwa na maana ya mlango ule.

Msimu mmoja wa karafuu akashikwa na hamu ya kupiga filamu ya mvua. Si mvua yoyote: alitaka ile inayokuja juu ya uwanja ulioanikwa karafuu, tangu jua linapofifia mpaka majamvi yote yanapokuwa ndani. Asiyekaa Pemba wakati wa msimu hajui maana ya wingu. Karafuu ikishikwa na mvua kabla ya kukauka hupauka, hupoteza mafuta, ikawa mpeta, karafuu isiyo na bei, na kazi yote ya kuchuma na kuchambua ikawa bure. Kwa hiyo kwetu mvua ikianza hakuna anayeuliza jamvi la nani. Aliye karibu anaanua. Niliwahi kuwaona watu waliogombana mpaka kwa sheha wakishika jamvi moja, huku na huku, kisha kila mmoja akarudi kwake bila kusalimiana.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Bibi alikuwa amekwenda msibani Gando, na karafuu zake zilikuwa uani, majamvi manne yamejaa. Sisi tulikaa barazani kwa rafiki yangu tukinywa chai, mwalimu akiwa bado na shati lake jeupe la kanisani. Wingu lilitokea nyuma ya minazi bila hata kunguruma. Rafiki yangu akainuka na simu, akasimama kwenye pembe ya ua. Akabonyeza.

Tone la kwanza lilipodondoka, mimi na mwalimu tulikuwa tumeshafika kwenye jamvi la kwanza. Likaingia. La pili likaingia kwa taabu. La tatu tulilikokota, karafuu nyingine zikimwagika, na mvua sasa ilikuwa inatuchapa. Tukawa wawili na jamvi la nne liko kando ya ukuta, penye mteremko wa maji. Nikageuka nikapiga kelele, "Njoo weye! Njoo!" Nikamwona amesimama palepale, mkono mmoja ameushika kwa mwingine ili simu isitikisike, mvua inamtiririka usoni. Nikaita tena. Hakuja. Tulipolifikia lile jamvi, maji yalikuwa yameshapita juu yake, na karafuu zilikuwa zinaelea taratibu kuelekea mtaroni.

Nilimtukana, sitaficha. Mwalimu alikamua shati lake.

Bibi aliporudi alizikuta karafuu zimerundikwa sebuleni, na jamvi moja limeharibika. Hakuuliza sana. Alisema Mungu akulipeni, nyote, msingekuwepo ningekosa zote. Siku ya pili akatupelekea wali na samaki wa kupaka, kila mmoja sahani yake. Ya rafiki yangu ilikuwa kubwa kuliko zetu. Alikuja nayo kwangu kazini ikiwa imefunikwa vilevile, akaiweka juu ya meza ya cherehani. "Kula weye," akasema. Nikala. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na samaki alikuwa mtamu.

Tatizo ni kwamba filamu ilikuwa nzuri. Naliandika hili kwa uchungu, maana ningependa iwe mbaya. Jua linafifia juu ya zile karafuu mpaka unahisi baridi mwenyewe. Kisha sisi tunakimbia, wadogo, tumeinama, majamvi yanaingia mlangoni moja baada ya jingine. Kisha mimi naangalia moja kwa moja kwenye simu na kuita, na uso wangu una hasira ya kweli. Mwisho karafuu zinaelea, nazo zinachukua muda wao.

Tukabishana. Mwalimu alisema, "Kata pale anapoita. Atakayeona atadhani ulikuwa umekwenda kuomba msaada." Rafiki yangu akasema ikikatwa si filamu. Mimi nikasema basi ipeleke Unguja, huko nani anamjua Bibi? Akanitazama kama niliyemwambia akaibe. "Za nani zile karafuu?" akauliza. Nikasema za Bibi. "Basi Bibi aone kwanza." Nikamwambia atampoteza Bibi. Akasema anajua. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, na hapo hasira yangu ikanitoka yote, nikabaki naogopa kwa ajili yake.

Tulikwenda baada ya swala ya alasiri, na kompyuta ya mwalimu. Bibi alivaa miwani, akaketi kitandani, rafiki yangu akakaa chini miguuni pake kama alivyozoea. Ikaanza. Bibi alitabasamu alipotuona mimi na mwalimu tunakokota jamvi, akasema, "Maskini mwalimu, na shati lake." Kisha nikaita.

"Unamwita nani?" Bibi akaniuliza.

Nikamtazama rafiki yangu.

"Ananiita mie, Bibi," rafiki yangu akasema.

"Nawe u wapi?"

"Nimeshika simu."

Bibi akatazama karafuu zake zikielea mpaka ya mwisho ilipotoka pembeni ya picha. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Nzuri," akasema. "Wallahi nzuri. Waonesheni watu." Rafiki yangu akainua uso. "Lakini si ukutani kwangu."

Akatuandalia chai. Tukainywa, ikawa lazima tuseme ina tangawizi nzuri.

Filamu tuliionesha Wete, kwenye ukumbi wa kuazima, kisha ikaenda Unguja. Watu waliisifu, na mmoja akasema uso wangu ni uso wa mwigizaji, nikamwambia asinichokoze. Kwa Bibi hapakuwa na ugomvi. Rafiki yangu akipita alisalimiwa na kuulizwa watoto. Ila msimu uliofuata, wingu likifunga, Bibi alisimama mlangoni akatuita. Aliniita mimi kama nipo, akamwita mwalimu, akawaita majirani wa nyuma, jina kwa jina. La rafiki yangu hakulitaja, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote.

Yeye alikwenda hivyo hivyo. Kila mara alifika wa kwanza, akaanua, akaondoka. Niliumia kuliona, nikataka kusema na Bibi, mwalimu akanizuia. Akasema hapo hapana maneno ya mtu wa tatu. Msimu ukapita hivyo.

Msimu huu nilikuwa barazani kwa rafiki yangu wingu lilipokuja, mchana, Bibi akiwa uani peke yake. Akafungua kinywa kuita. Rafiki yangu alikuwa ameshapita mlangoni, mikono mitupu, ameinama ameshika pembe mbili za jamvi la ukutani. Bibi akamtazama. Matone yalikuwa yameshaanza. Akakifunga kinywa chake bila kumwita mtu, akainama, akashika pembe mbili za upande wa pili.

"Inua," akasema.