Mvua ya Kutoka Chini

Hivi mwanangu, umeshawahi kunyeshewa na mvua inayotoka chini inapanda juu, na jua linawaka? Usicheke. Mimi nimenyeshewa. Kanga zangu zote mbili zililowa chepechepe, na siku hiyo naikumbuka kuliko ya harusi yangu, ambayo watu walicheza ngoma mpaka wakalala uwanjani.

Wakati huo tunakaa Kibuta, ndiyo kijiji cha ujamaa, mimi na babu yenu, Mzee Kibwana. Watoto wameshaoa na kuolewa, tumebaki wawili na mikorosho yetu. Mdogo wangu Shomari alijenga ile reli na Wachina. Reli ilipokwisha akaifuata mpaka Zambia, akaoa hukohuko. Basi akatuma salamu: dada, njoo na shemeji, kuna kitu nataka mkione kabla hamjafa. Babu yenu akasema, tembea uone. Tukauza korosho, tukapandia treni stesheni ya Mzenga.

Mimi shule yangu ni kisomo cha watu wazima, nikaishia kuandika jina. Lakini macho hayaulizwi cheti. Nimeona twiga wanakimbia pembeni ya treni. Nimeona treni inaingia ndani ya mlima, giza totoro, na babu yenu kanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo huko Kibuta hajawahi kulifanya. Tulipovuka mpaka, vijana wakaacha kutuamkia shikamoo, hapo nikajua kweli tumefika ugenini.

Shomari akatupeleka. Bado tuko mbali nikaona moshi umesimama angani, nikasema masikini, shamba la watu linaungua. Akasema, dada, hayo ni maji. Wenyewe wanayaita Mosi-oa-Tunya.

Babu yenu akasimama. "Kama hii ndiyo mosi, ya pili iko wapi?"

Shomari alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe mosi ya kwao ndiyo moshi, moshi unaonguruma. Neno letu kabisa hilo, limekaa huko siku zote sisi hatuna habari.

Tulipofika ukingoni, mwanangu, ndipo nikaona. Mto mzima, mpana, ukimwita mtu wa ng'ambo hasikii, unafika mahali ardhi imepasuka unadondoka wote. Haumwagiki, unadondoka. Nyayo zinatetemeka. Upinde wa mvua uko chini yetu, tunauinamia kama unavyomwinamia kuku uani. Na yale maji yakigonga kule shimoni yanarudi juu, yanatunyeshea.  Babu yenu akakunja mikono ya kanzu, akakinga viganja, akatawadha kwa mvua ile, uso, mikono, kichwa, miguu, asimiminiwe na mtu. Akaswali rakaa mbili kwenye majani mabichi. Mimi na mdomo wangu huu, siku hiyo sikupata hata neno moja.

Tukarudi. Akawahadithia wenzake barazani msikitini, wakamcheka, wakampa na jina, Mzee Mvua ya Chini. Hatukujali, utani ni wetu. Ila mambo yakaja kugeuka.

Jirani yetu Bi Tatu alifiwa na mume, shemeji yake akaja kusogeza mpaka, akadai mikorosho yote ni ya kwake. Mikorosho ile marehemu aliipanda babu yenu yupo, na wengine waliokuwepo wameshakufa. Shahidi ni huyo mmoja tu. Siku ya kikao cha kijiji shemeji mtu akasimama, akauliza, ndiyo huyu shahidi wenu, aliyetawadha kwa mvua ya kutoka ardhini? Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, akamvuta babu yenu pembeni akamnong'oneza: sema tu yale ya Zambia ulikuwa unatania, tukuamini, huyu mama apate miti yake. Bi Tatu anamtazama, kanga kaiuma kwa meno.

Babu yenu akarudi katikati. "Maji yale niliyaona. Na mikorosho ile niliiona inapandwa. Macho ni haya haya. Nikikana moja leo kwa sababu mmenicheka, hilo lingine mtaliamini kwa lipi?"

 Mwenyekiti akamgeukia shemeji mtu, haya, na wewe tuambie ulichoona. Yule bwana akaanza, mimi nilisikia... Nilisikia! Hata waliokuwa wanacheka wakainamisha vichwa. Bi Tatu alivuna korosho zake mwaka ule, na miaka mingine mpaka Mungu alipomchukua.

Basi mwanangu, ukienda mbali utaona vitu vinavyozidi mdomo wako. Usivipunguze ili watu wakupende, wala usiviongeze ili wakushangae. Mwenye macho haambiwi tazama, ila siku moja ataambiwa sema ulichotazama, na siku hiyo kuna mtu atakuwa anategemea ulimi wako. Usiuzoeze kuyumba. Mungu akupe miguu ya kwenda, akuonyeshe makubwa yake, akurudishe mlangoni kwenu ukiwa mzima.

Mjukuu wangu Mwajuma anaondoka kwenda kusoma Uchina. Haya yote ndiyo niliyomweleza juzi, akakaa karibu yangu mkekani, akaniambia, "Bibi, nitakuhadithia vile vile nitakavyoona, hata wewe mwenyewe ukinicheka."