Kathini na Transfoma ya Bwana Mkubwa

Mzee Mutisya na mzee Musau walifika kwenye kibanda cha Kathini, soko la Jericho jijini Nairobi, Jumatano saa nne asubuhi, wakiwa wamembeba Bwana Mkubwa, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Walimkuta Kathini akisokota waya wa shaba kuzunguka kiini cha mota, midomo ikienda bila sauti. Wakasimama kimya.

Kila mtu sokoni anaijua sheria hiyo. Kathini akiwa anasokota, hasalimiwi. Hesabu ya mizunguko iko kichwani mwake, na kila ikitimia mia moja hutia punje moja ya mahindi ndani ya kopo. Ukimwuliza habari za asubuhi katikati ya hesabu, umemharibia kazi ya saa nzima. Mteja hukaa kwenye benchi mpaka ainue mkono wa kushoto. Siku hiyo benchi lilikuwa limejaa mota za pampu, na Bwana Mkubwa ana kilo thelathini na mbili.

"Tuweke chini," Musau akanong'ona.

"Kwenye matope? Weka upande wako."

"Mgongo wangu, Mutisya."

"Mgongo gani? Tangu zamani upande wa transfoma ni wangu. Wewe ulikuwa unabeba hewa."

Kathini akadondosha punje, akafunga waya kwa uzi, kisha akainua mkono. "Leteni hapa mezani," akasema. "Sasa mnaweza kunisalimu."

Bwana Mkubwa ni amplifaya ya gitaa iliyoundwa Uingereza miaka ya sitini. Ni sanduku la mbao lililovikwa ngozi bandia nyeusi, lenye spika mbili mbele, na nyuma kuna safu ya valvu, zile chupa ndogo za kioo ambazo zikishika moto huwa na rangi ya kaa la jiko. Ndani, upande mmoja, imekaa transfoma, pande zito la chuma lililozungushiwa waya wa shaba, linalopitisha nguvu hadi kwenye spika. Bendi ya Kyeni, ya vijana wa Ukambani waliokuwa wakiishi Mbotela, iliinunua mwaka 1974 kutoka hoteli iliyokuwa ikifunga ukumbi wake wa dansi. Mutisya alikuwa mpiga solo, Musau mpiga besi. Bendi ilivunjika mwaka 1991, na tangu hapo Bwana Mkubwa alikaa sebuleni kwa Musau, amefunikwa kitambaa cha kufuma, amebeba televisheni.

Jumamosi ile angewashwa tena katika ukumbi wa mtaa wa Mbotela. Shirleen, mwalimu wa muziki kutoka Donholm, alikuwa ameandaa maonyesho ya vyombo vya bendi za zamani za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na kila chombo kingewekewa kadi ya maelezo. Baada ya maonyesho, vyombo na kadi zake vingebaki ukumbini, ndani ya kabati la kioo. Shirleen aliingia kibandani nyuma ya wazee, simu mkononi ili arekodi.

"Niaje, shosh?" akamsalimu Kathini, kama vijana wanavyomsalimu nyanya.

"Salama. Kaa hapo, usiguse waya."

Kathini, ambaye wazee humwita Mama Mutheu kwa jina la binti yake, alikuwa na miaka sitini na sita, na arobaini na saba kati ya hiyo ameitumia kusokota waya. Alifungua mgongo wa Bwana Mkubwa, akapuliza vumbi, akabadilisha vipande viwili vilivyovuja, akajaribu valvu moja moja. Hakumpa umeme moja kwa moja. Chombo kilicholala miaka zaidi ya thelathini huamshwa polepole, kwa hiyo aliupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida. Balbu ikiwaka sana, kuna hitilafu. Ikififia, kazi inaendelea vizuri.

"Itachukua saa moja," akasema. "Ongeeni."

Hapo ndipo Mutisya alipoanza kumsimulia Shirleen kisa chake, kile alichokwisha kukisimulia kwenye harusi, kwenye matanga na mara mbili redioni. Mwaka 1979, walipochoka kubeba, walimtoa Bwana Mkubwa spika zote mbili wakazitia kwenye gunia ili mzigo ugawanyike. Walikuwa na onyesho Machakos. Walipofika, Musau akamwasha kabla ya kuunganisha spika.

"Wewe ndiye uliyeniambia washa," Musau akasema.

"Nilisema washa taa ya jukwaa."

Amplifaya ya valvu ikiwashwa na kupigwa bila spika, nguvu yake hukosa pa kutokea na kuichoma transfoma. Bwana Mkubwa akatoa moshi. Wakampeleka kwa fundi Nzivo, aliyekuwa na duka Jogoo Road, naye akawaambia hakuna mtu Nairobi awezaye kazi ile. Lazima transfoma iende London kwa meli.

"Miezi mitatu," Mutisya akasema, akiinua vidole. "Iliporudi, sauti ilikuwa tamu kuliko mwanzo. Na mwanangu, ilikuwa na harufu. Bwana Mkubwa akishapata joto, jukwaa lote linanukia. Tuliiita harufu ya Uingereza. Bendi nyingine zilikuwa zinakuja kuinusa."

Kathini aliacha kuangalia balbu. Habari ya harufu hakuwahi kuisikia; redioni Mutisya hakuitaja.

"Hiyo ni poa sana," Shirleen akasema. "Kadi nimeshaiandika, ngoja niwasomee." Akasoma kutoka kwenye simu yake. Alitaja mwaka, bendi na uzito, na mwisho akasema: transfoma ilisokotwa upya London mwaka 1979, kwa sababu wakati huo kazi hiyo haikuwezekana Nairobi.

"Futa hapo mwisho," Kathini akasema.

"Wapi, shosh?"

"London. Hiyo transfoma niliisokota mimi."

Mutisya alicheka kwanza. Alipoona hakuna anayecheka naye, akamgeukia Kathini.

Kathini alieleza bila kupandisha sauti. Mwaka 1979 alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amemaliza kidato cha nne Mwingi, akaja Jericho kuishi kwa kaka yake dereva wa lori, na mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu Nzivo amchukue dukani. Nzivo alijua redio vizuri, lakini macho yake yalishindwa waya mwembamba. Kathini ndiye aliyeifungua ile transfoma iliyoungua, akaufumua waya wake mzunguko kwa mzunguko ili ajue hesabu ya Waingereza, siku mbili nzima. Siku mbili nyingine alisokota waya mpya. Siku ya tano Bwana Mkubwa aliimba, mlango ukiwa umefungwa.

"Nzivo akasema, wale vijana wakisikia ni msichana aliyegusa, watalibeba sanduku lao waondoke. Ndiyo maana aliwaambia London. Ikabidi meli iende na irudi. Bwana Mkubwa, aliyekwisha kupona, alikaa karibu miezi mitatu chini ya meza yangu, amefunikwa gunia. Mzee Musau, ulikuja mara mbili kuuliza kama meli imefika. Ulikuwa umeegemeza goti lako hapo hapo kwenye gunia."

Musau alilitazama goti lake.

"Na kwa nini hujasema miaka yote hii?" Mutisya akauliza.

"Nzivo aliniomba. Alipofariki, wewe ulikuwa umeshasema redioni, na mimi sikutaka jina lake lichafuke. Maneno yako ya harusini nilikuwa nayavumilia. Lakini sasa inaandikwa, na itawekwa kwenye kioo, watoto wa hapa wasome kwamba kazi ya mikono yangu haikuwezekana Nairobi."

Shirleen aliuliza kwa upole kama kuna chochote cha kuonyesha. Kathini alisema kipo. Ndani ya transfoma, kati ya tabaka na tabaka, aliweka karatasi, na kwenye kila karatasi aliandika hesabu kwa penseli. Ila kuzifikia lazima aikate transfoma.

"Basi ikate," Mutisya akasema. "Nione."

Kathini alichukua koleo, akaliweka tena mezani. Wazee wote wawili walikuwa wanalitazama.

"Sikati. Nikiikata, nitakuwa nimeonyesha kwamba niliitengeneza na kuiua siku moja. Jumamosi mnataka kupiga."

"Kwa hiyo ni neno lako na langu."

"Ni neno langu. Lako ulipewa na Nzivo."

Musau akakohoa ili asicheke. Mutisya akageuka upande, akasema kadi ibaki ilivyo, mambo ya zamani yasipekuliwe. Shirleen alikuwa ameshika simu yake bila kufuta wala kuongeza. Balbu ilikuwa imefifia. Kathini akaitoa, akampa Bwana Mkubwa umeme kamili, kisha akarudi kwenye kiti chake na kukunja mikono. Alijua kinachokuja, na alijua hakihitaji maneno.

Valvu zilishika rangi. Mvumo mdogo ulisikika kwenye spika. Dakika ishirini hivi zilipita, muuza mboga wa jirani akaja kuchungulia. Kisha harufu ikaja, nyepesi, tamu, yenye moshi kidogo.

"Ndiyo hiyo," Mutisya akasema, amefumba macho. "Harufu ya Uingereza."

Musau alisogeza pua karibu na mgongo wa sanduku, akavuta pumzi mara mbili, akanyooka. "Mutisya, baba yako alikuwa na mizinga mingapi?"

"Mizinga gani?"

"Ya nyuki. Kule kwenu."

"Arobaini. Kwani?"

"Mtoto wa mizinga arobaini," Musau akasema, "na unanusa nta unasema ni Uingereza."

Mutisya alifumbua macho. Aliinama, akanusa mwenyewe. Wiki ile ya kusokota, Kathini akaeleza, vanishi ya kugandishia waya usitikisike haikupatikana mjini kote. Mama yake alikuwa amemletea nta kutoka Mwingi ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Aliiyeyusha kwenye jiko la makaa nyuma ya duka, akaitumbukiza transfoma humo mpaka mapovu yakaisha. Harufu hakuwahi kufikiria kwamba ingewafikia watu.

"Nzivo alituona wajinga," Mutisya akasema mwishowe.

"Nzivo aliwajua," Kathini akajibu. "Mngenikubali?"

Mutisya alifikiri. "Hapana," akasema. "Mwaka ule, hapana." Kisha akamgeukia Shirleen. "Andika upya. Mwache mwenyewe akwambie maneno."

Jumamosi ukumbi wa Mbotela ulijaa, watu mia na ushee, wengine wamesimama dirishani. Kadi iliyokuwa chini ya Bwana Mkubwa iliandikwa: Transfoma ilisokotwa upya kwa mkono, Juni 1979, Jogoo Road, Nairobi, na Kathini Kyule. Kathini alikuwa ameisoma mara moja tu, akaiondolea koma moja, akaketi safu ya mbele na binti yake Mutheu.

Mutisya alipanda jukwaani na gitaa, Musau na besi, kisha Mutisya akashika kipaza sauti. Alisema amewadanganya watu kwa miaka arobaini na sita, na kwamba uongo wenyewe aliupamba vizuri, kama wanavyomjua. Watu wakacheka. Akasimulia mambo ya moshi wa Machakos, meli ambayo haikusafiri, na goti la Musau kwenye gunia. Alipofika kwenye nta, alijisema mwenyewe bila kujionea huruma. Kisha akanyoosha mkono kuelekea safu ya mbele.

"Mama Mutheu, simama. Waambie ni mizunguko mingapi."

Kathini akasimama. Hakupewa kipaza sauti, na hakukihitaji, maana ukumbi ulikuwa umetulia kama kibanda chake saa ya kazi.

"Elfu mbili mia mbili na arobaini upande mmoja," akasema. "Mia moja thelathini na sita upande wa pili. Siku nne."

Musau akagusa waya mnene wa besi, Mutisya akaingia na solo, na sauti ya Bwana Mkubwa ikatoka nzito na safi mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Mutheu alimvuta mama yake nguo, kumkumbusha kiti. Kathini hakuketi mpaka wimbo ulipoisha.