Mchenya wa Mganga Mfawidhi

Mganga mfawidhi mpya alipohamishiwa zahanati yetu kutoka Dar, wiki ya kwanza nilimpenda. Aliyemtangulia alikuwa mtu wa watu, anacheka na kila mgonjwa, lakini gesi ya jokofu la chanjo ikikaribia kuisha anasema "itakuja tu." Huyu alifika kazini kabla yetu sote, akaipanga stoo na kutembea na funguo zake mfukoni. Mimi ni nesi, mtu wa Lushoto, napenda mambo yanyooke. Nikasema sasa tumepata kiongozi.

Kisha akafariki mzee wa kaya ya jirani, ng'ambo ya shamba la pamba. Tukaomba ruhusa ya kwenda kuzika.

"Kazi kwanza," mfawidhi akasema. "Mlinzi ataenda kutuwakilisha."

Tukabaki. Siku nzima tukahudumia mabenchi, maana wagonjwa wote walikuwa makaburini.

Asubuhi iliyofuata nilisalimia kisimani kwa kilugha cha pale, "Mwangaluka," na wanawake wakaendelea kuchota maji kana kwamba nimekohoa. Mlinzi wetu, mzaliwa wa pale, ndiye aliyenieleza, akiniita mama kwa kilugha hicho. "Mmetozwa mchenya, mayu. Hamkuzika na watu. Mpaka mkalipe faini mbele yao, hakuna wa kuwasalimu wala wa kuja kutibiwa hapa."

Kusalimiwa ningeweza kuvumilia. Kilichoninyima raha ni binti mmoja mwenye mimba ya kwanza, miguu imevimba, ambaye presha yake nilikuwa naifuatilia kwa karibu. Siku yake ya kliniki ilifika, hakuja. Nikaenda kwao. Mama mkwe wake alinitazama kutoka jikoni, akageuka kuchochea moto. Hata kigoda sikupewa.

Nilirudi nimewaka. Nikamweleza mfawidhi, akasema ataripoti kijiji kizima wilayani.

"Hiyo ripoti itamshusha yule binti presha?" nikamuuliza. "Akifia nyumbani, tutasema kazi kwanza?"

Aliingia ofisini kwake, akafunga mlango. Nilijua nimevuka mpaka na sikujali.

Jioni alitoka bila koti jeupe, akamwomba mlinzi ampeleke kwa wazee wa sungusungu waliotutoza. Tukamfuata wote. Nilitegemea hotuba, maana alikuwa bingwa wa hotuba. Badala yake alikaa chini kwenye vumbi, suruali yake ya pasi na yote, akasema, "Hawa walitaka kuja msibani. Niliwazuia mimi. Mchenya ni wangu peke yangu."

Nikamtazama upya. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na sifa ikija walisema "mimi," lawama ikija wakasema "sisi." Huyu alikuwa amegeuza, na hakuna aliyemlazimisha.

Dada wa marehemu akamuuliza, "Siku ile tunazika, daktari, ulikuwa na wagonjwa wangapi?"

Angeweza kudanganya.

"Hata mmoja, mama. Nilikaa nikitazama ukuta."

Yule mama akaguna, bega likamtikisika, na kicheko kikapita kwa wazee mmoja mmoja mpaka kikamfikia mfawidhi mwenyewe. "Basi si ungekuja kukaa na sisi!" mama akasema. Akatozwa mbuzi, na sharti kwamba lazima amle pamoja nao. Alikula vizuri, nisimsingizie.

Kulipokucha mama mkwe alimleta binti kwa bodaboda. Presha ilikuwa juu mno. Tulimpa dawa, mfawidhi akaita gari la wagonjwa na kupanda naye mwenyewe kwenda hospitali ya Bariadi. Kabla ya kuondoka alinitupia funguo zote, za stoo zikiwemo. "Zahanati ni yako," akasema.

Wagonjwa walijaa siku hiyo, nami nilifanya kazi huku sikio langu liko kwenye simu. Ilipoita mchana niliidaka.

"Nesi, amejifungua. Wa kike. Mama mzima, mtoto mzima."

Nilijibanza kwenye benchi katikati ya akina mama, nikalia bila aibu. Sijawahi kufurahi vile kazini. Bibi aliyekuwa pembeni yangu alinishika mkono kwa nguvu.

"Pole, mayu," akasema. "Nani amefariki? Tuje."

"Hakuna, bibi," nikamwambia. "Hakuna aliyekufa."