Bertha Anayesoma Vinyesi vya Kuku

Kwa miaka thelathini na mmoja Bertha alifanya kazi katika maabara ya zahanati, ameinamia hadubini, akitafuta minyoo na amiba kwenye sampuli za choo za watu. Siku ya kuagwa, wenzake hawakumpa vitenge wala masufuria. Walimpa ile hadubini yake ya zamani, kwa kuwa mpya ilikwishafika. Bertha, ambaye hata msibani hulia kwa kiasi, siku hiyo alilia mpaka leso ikalowa chapachapa.

Mumewe Telesphory, mwalimu mstaafu, aliiweka sebuleni kwao, mtaa wa Kwa Mathias, akaifunika kitambaa cha kufuma. "Sasa utapumzika," alimwambia.

Wapi. Bertha alijenga banda la kuku wa nyama nyuma ya nyumba, na vifaranga hawajamaliza wiki mbili akawa anaokota kinyesi chao kwa kijiko, anakikoroga kwenye maji ya chumvi na kukichuja kwa chujio la chai. Mayai ya vimelea huelea kwenye chumvi. Hilo alilijua tangu chuoni. Telesphory alipogundua chujio lake limekwenda wapi, alienda dukani akanunua jingine, akalifunga uzi mwekundu mpinoni.

"La uzi ni la kuku wako," alisema. "Siku ukiyachanganya, nahamia kwa mwanangu."

Masika yaliyopita akaja Mwashi, mfugaji wa Gwata aliyehamia kutoka Shinyanga. Ng'ombe aliwajua tangu utotoni, lakini kuku wa nyama walimshinda. Makundi mawili mfululizo yalikuwa yamemfia kwa kuhara damu, ugonjwa wa vimelea wanaoshambulia utumbo.

"Shikamoo mama. Nasikia unauona ugonjwa kabla haujaja," alisema, ameshika kikopo kilichofungwa kwa mifuko mitatu.

"Marahaba mwanangu. Kabla haujaja siuoni. Ukishaingia mlangoni, hapo labda."

Kikopo hicho cha Jumatatu kilikuwa na kinyesi chenye mayai machache ya vimelea. Bertha akamwagiza alete kingine Alhamisi. Hicho cha Alhamisi kilikuwa na mayai mengi mpaka akaacha kuhesabu. Akamwita Telesphory, wakachukua bodaboda mbili mpaka Gwata.

Kuku mia tatu wa kundi lake la tatu, wenye siku ishirini na moja, walikuwa wanakula kwa fujo, manyoya meupe, kinyesi hakina hata tone la damu.

"Mama, hawa ni wazima," Mwashi alisema taratibu, kama mtu anayeomba akubaliwe.

"Chagua mmoja, mwenyewe. Yeyote."

Akachagua mmoja mnene, akamchinja. Bertha akampasua, akafungua vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Ndani kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo vidogo, mithili ya ngozi iliyochomwachomwa kwa sindano. Mwashi alichuchumaa, akaviangalia.

"Kumbe hata wale wa mwanzo walianza hivi," alisema. "Nami nilikuwa nawasifia kwa watu."

 Bertha alinawa mikono, akamshika bega.

Hashiru, afisa mifugo wa kata ambaye Bertha alimpigia simu, alifika alasiri hiyo hiyo. Alitazama utumbo, akatoa dawa ya kuchanganya kwenye maji. Wakati huo Telesphory, ndani ya buti za Mwashi zilizompwaya, alikuwa anakokota maranda yaliyolowa na kuyatoa nje ya banda ili yatandazwe makavu. "Mngesubiri damu," Hashiru alisema, "ningekuja kufukia mizoga."

Walikufa kumi na mmoja. Waliobaki wote walifika siku ya kuuzwa, na Mwashi akaleta wawili Kwa Mathias, wamenyonyolewa tayari.

Habari ilisambaa. Siku hizi vikopo vinafika mpaka kutoka Kisarawe, na Telesphory ndiye anayeviandika majina kwa mwandiko wake wa ubaoni. Jumapili moja Bertha akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, alikuja mama mmoja wa Vihingo, Biubwa, na kikopo chake, ana haraka ya kurudi. Telesphory akaona aibu kumrudisha bila neno. Akakoroga, akachuja, akaweka jicho.

Bertha aliporudi alimkuta Biubwa bado yupo na mumewe kakunja uso. "Hali ni mbaya," alisema. "Nimeona madude meusi, marefu, yanatikisika."

Bertha akainama, akatazama kwa makini, akarekebisha mwanga. Biubwa akasogea mezani.

"Kuku wako ni wazima, Mama," alisema hatimaye. "Mzee ameona kope zake."

Bertha akalala mezani kwa kicheko, na Telesphory, baada ya kujaribu kununa, akaenda kuchemsha chai ya watu watatu.